Kwa nini picha ya zamani huonekana mbaya kwenye simu mpya

Na Mwandishi Wetu, Singida

FAMILIA moja ya Kata ya Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, inayo picha moja tu inayomwonyesha bibi yao kama wajukuu walivyomfahamu. Amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, khanga begani, akipepeta alizeti. Picha hiyo ilipigwa mwaka 2005 na mjukuu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam akiwa na simu aina ya Nokia 6600, ambayo wakati huo ilitosha kumfanya kijana asalimiwe mara mbili barabarani.

Bibi alifariki dunia miaka michache baadaye, picha ikabaki. Imehama kutoka simu moja hadi nyingine, kwanza kwa infraredi, ile ya kuzilaza simu mbili uso kwa uso na kuomba zisitikisike, kisha kwa Bluetooth, kisha kwa kadi ya kumbukumbu, hadi ilipofika kwenye simu mpya yenye kioo cha inchi 6.5. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Katika kikao cha kuandaa kumbukumbu ya marehemu, picha ilifunguliwa mbele ya watu wote. Uso ambao kila mmoja alikumbuka kuuona vizuri kwenye simu ya zamani sasa ulikuwa na ukungu, kingo za khanga zimevunjika ngazi ngazi, na vijiraba vidogo vimejitokeza shavuni. Mjomba mtu mzima alitaka kujua ni nani aliyeiharibu picha ya mama yake. Macho yakamgeukia kijana aliyeihamisha mara ya mwisho.

Kijana hakuiharibu. Mwandishi wa makala haya alipooneshwa picha hiyo na kufungua sehemu ya maelezo yake, aliikuta na vipimo vilevile vya kamera iliyoipiga, yaani nukta 640 kwa 480. Kilichobadilika ni kioo kinachoionyesha.

Malalamiko ya namna hii si ya Mwankoko peke yake. Yeyote aliyekuwa na simu ya kamera kati ya mwaka 2003 na 2009 anazo picha kama hizo: za harusi, za mahafali, za wazee waliokwisha kutangulia. Ni vyema basi kufahamu kinachotokea, kwa sababu wengi wanaodhani picha zimeharibika huishia kuzifuta, au huzipeleka kwa watu wanaoziharibu kweli.

Kioo kilichokuwa kikisitiri

Picha ya kidijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogo za rangi, ziitwazo pikseli, zilizopangwa kwa safu mithili ya shanga katika mkeka. Kioo cha simu nacho kimepangwa hivyo hivyo. Kazi ya simu ni kuamua nukta ipi ya picha ikae kwenye nukta ipi ya kioo, na ugumu wote unatokana na hesabu hizo mbili kutolingana.

Kioo cha Nokia 6600 kilikuwa na nukta 176 kwa 208 tu, katika inchi 2.1. Kamera yake, hata hivyo, ilipiga picha ya nukta 640 kwa 480. Maana yake ni kwamba picha ilikuwa kubwa kuliko kioo. Ili iingie, simu ililazimika kuisinyaza hadi upana wa nukta 176, hivyo kila nukta ya kioo ikabeba habari za nukta 13 za picha. Chenga za kamera, kutikisika kidogo kwa mkono, rangi zilizochafuka kwenye kivuli, vyote vilifunikwa katika msinyao huo. Picha ikaonekana safi, na mwenye simu akaamini kwamba ana picha safi.

Kwenye simu ya leo mambo yamegeuka. Simu nyingi za bei ya kati zina kioo chenye nukta 1,080 kwa 2,400, na za bei ya chini nyingi zina 720 kwa 1,600. Picha ya bibi inapofunguliwa kwenye kioo cha kwanza, ikajaza upana wote, huwa na nukta 1,080 kwa 810, sawa na nukta 874,800. Lakini kamera ya mwaka 2005 ilirekodi nukta 307,200 tu. Nukta 567,600 zilizobaki, karibu theluthi mbili ya picha yote, simu imezibuni yenyewe.

Kwa ufupi, simu ya zamani ilikuwa ikipunguza na simu mpya inaongeza. Kupunguza huficha kasoro, kuongeza huzianika.

Kuna jambo jingine linaloongeza uchungu. Kioo cha zamani kilikuwa na nukta kubwa kiasi kwamba jicho liliweza kuziona, hivyo mtazamaji alizoea uchakavu na kuusamehe. Mwezi Juni mwaka 2010, kampuni ya Apple ilitoa iPhone 4 yenye nukta 326 katika kila inchi, mara mbili ya 163 za iPhone ya kwanza ya mwaka 2007, kwa hoja kwamba simu ikishikwa umbali wa kawaida jicho haliwezi tena kutenganisha nukta moja na nyingine. Watengenezaji wengine walifuata, na mwaka 2013 Samsung Galaxy S4 ilifikisha 441. Maandishi na picha mpya vimekuwa laini kama karatasi iliyochapwa vizuri. Picha ya zamani inapowekwa katikati yake huumbuka, kama shati lililofifia linavyoumbuka siku ya Idi.

Nukta moja yageuka tisa

Msomaji anaweza kuuliza: mbona picha za kwenye tovuti za zamani hazionekani ndogo kama stempu?

Swali ni la haki. Tovuti za magazeti ya Afrika Mashariki za miaka ile ziliweka picha za upana wa nukta 150 hadi 250 hivi, na kulikuwa na sababu. Modemu ya simu ya mezani yenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde ilipitisha, siku ikiwa njema, kilobaiti saba kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 300 ingemchukua msomaji zaidi ya sekunde 40 akiwa kwenye kibanda cha intaneti anakolipia kwa dakika. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa mwezi Julai mwaka 2009. Kabla ya hapo, mhariri aliyeweka picha kubwa alikuwa akimfukuza msomaji wake.

Leo, picha ya nukta 200 ikiwekwa kwenye kioo chenye nukta 405 kwa inchi, nukta moja kwa moja, ingekuwa na upana wa sentimita moja na robo. Sura ya waziri ingetosha kwenye ukucha wa kidole gumba. Ili kuepusha hilo, watengenezaji wa simu walikubaliana kudanganya kidogo. Simu yenye nukta 1,080 kwa upana huiambia tovuti kwamba ina nukta 360 tu. Kila nukta inayotajwa na tovuti huchorwa kwa nukta tatu za kioo kwa upana na tatu kwa urefu, jumla tisa. Mfumo wa Android, ambao simu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008, ulichukua kioo cha nukta 160 kwa inchi kuwa kipimo cha msingi na kuzidisha kila kitu kutoka hapo.

Udanganyifu huo ni wa heri kwa maandishi, kwa sababu herufi huchorwa upya kwa wembamba wowote. Kwa picha ni kiraka. Ile ya nukta 200 itaonekana kwa ukubwa unaostahili, zaidi ya nusu ya upana wa kioo, lakini ikiwa imetandazwa juu ya nukta 600.

Kwa wenye tovuti, tiba imekuwapo tangu mwaka 2014, vivinjari vikubwa vilipoanza kukubali sifa ya srcset. Kwa sifa hiyo, mtayarishaji huweka nakala kadhaa za picha moja kwa ukubwa tofauti, na simu huchagua inayolifaa umbo la kioo chake, hivyo mwenye simu ndogo hali bando bure. Kwa picha ambazo nakala kubwa haipo tena, ni heri kuiachia picha upana wake mdogo na kuizungushia nafasi nyeupe kuliko kuilazimisha ijaze ukurasa. Inasikitisha kwamba vyumba vingi vya habari vilitupa picha za asili na kubakiza zile ndogo za tovuti, na sasa zinapohitajika kwa taazia, hazipo.

Simu inapokisia

Nukta zinazobuniwa hupatikana kwa njia kuu tatu, na tofauti yake huonekana kwa macho.

Njia ya kwanza na nyepesi kuliko zote ni kunakili nukta ya jirani wa karibu. Picha inakuwa na vijiraba na kingo za ngazi ngazi, ila hakuna rangi ngeni inayoingia. Ya pili huchukua wastani wa nukta nne zinazozunguka, na hapo ngazi hutoweka na ukungu huingia. Ya tatu hutazama nukta 16, ikizipa uzito tofauti kwa kufuata mkunjo wa hesabu. Kingo hurudi kidogo na uso wa mtu hupendeza zaidi. Programu za kuhariri picha humwachia mtumiaji achague. Simu nyingi huchagua zenyewe bila kuuliza.

Hakuna njia iliyo bora kwa kila kitu. Uso wa mtu, mawingu na mchanga vinahitaji ulaini, hivyo njia ya tatu ndiyo yake. Mchoro wa mistari, maandishi yaliyopigwa picha kutoka kioo kingine, au zile picha za ujumbe za Nokia zenye nukta 72 kwa 28, ambazo vijana wa mwaka 2001 walitumiana siku ya wapendanao, huharibiwa na ulaini. Hizo hukuzwa kwa kunakili jirani, tena kwa namba kamili: mara mbili, mara tatu, mara nne. Zikikuzwa mara moja na nusu, baadhi ya mistari huwa minene na mingine myembamba.

Vile vijiraba vilivyoonekana shavuni mwa bibi vina chanzo chake. Mfumo wa kubana picha wa JPEG, uliowekwa mwaka 1992, huigawa picha katika viraba vya nukta 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya habari ndani ya kila kiraba. Simu za mwaka 2005 zilikuwa na nafasi finyu ya kuhifadhi, kwa hiyo zilibana sana. Kwenye kioo kidogo mipaka ya viraba haikuonekana. Ikikuzwa, huonekana. Na kila picha inapotumwa kwa programu ya ujumbe inayoibana upya, mipaka hiyo huongezeka. Pengine hapo ndipo mjomba alipokuwa na chembe ya haki, kwani nakala moja kati ya zile zilizokuwa zikizunguka kwenye kundi la ukoo ilikuwa hafifu kuliko ile ya kwenye kadi.

Uso usio wa bibi

Kijana aliyeshutumiwa alitafuta suluhu. Aliipeleka picha kwa fundi mmoja wa mjini anayesafisha picha kwa akili mnemba, na jioni ileile akaletewa picha ya kuvutia: ngozi nyororo, macho yanayong'aa, kila uzi wa khanga unahesabika. Wajukuu wadogo walifurahi. Binti mkubwa wa marehemu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba huyo si mama yake. Pengo la meno halikuwapo. Kovu la juu ya nyusi lilikuwa limegeuka mkunjo wa ngozi. Pua ilikuwa ya mtu mwingine.

Mama huyo hakuwa na ushahidi wa kitaalamu, lakini alikuwa sahihi. Programu hizo hazifanyi wastani wa nukta za jirani. Zimefundishwa kwa maelfu ya sura za watu wengine, na zinapokuta uso wenye ukungu huujazia kwa yale yaliyozoeleka katika sura hizo. Kinachotoka ni uso unaowezekana, na hakuna anayeweza kudhamini kwamba ndio uliokuwapo.

Ulimwengu ulilishuhudia hilo mwezi Juni mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walikuwa wametoa programu iitwayo PULSE, inayotengeneza sura angavu kutokana na picha ya nukta chache. Mtumiaji mmoja wa mtandao akaipa picha yenye vijiraba ya Barack Obama, ambayo mtu yeyote angeitambua kwa mbali. Programu ikarudisha sura ya mzungu. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, nao ulielekezwa kwenye sura zilizotumika kuifundisha, ambazo wengi wake hawakuwa weusi. Ikiwa sura ya rais mstaafu wa Marekani, mojawapo ya sura zilizopigwa picha nyingi kuliko zote duniani, ilipotea hivyo, bibi wa Mwankoko ana kinga gani?

Programu za sasa zimeboreshwa kuliko ile, na kwa picha ya mandhari au ya nguo zinaweza kusaidia bila madhara makubwa. Kwa uso wa mtu, maoni ya mwandishi ni kwamba zisitumike kwenye nakala pekee, na kila kilichotengenezwa kiandikwe kwamba kimetengenezwa. Tahadhari ni kubwa zaidi pale picha inapoweza kufika mahakamani, mathali picha ya mpaka wa shamba au ya tukio. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa aina hiyo, iangalie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa.

Namna ya kuitazama

Jambo la kwanza ni kuitafuta nakala ya asili. Katika galari ya simu, fungua maelezo ya picha na usome vipimo vyake kwa nukta. Usidanganyike na uzito wa faili. Mtu aliyeipiga picha kioo chake wakati picha ya bibi imefunguliwa atapata faili lenye nukta 1,080 kwa 2,400, zito kuliko asili, lakini ndani yake kuna makisio ya simu yaliyogandishwa pamoja na saa na alama ya betri. Nakala ya nukta 640 kwa 480 ndiyo yenye thamani. Ikiwa inahitaji kutumwa, itumwe kama dokumenti, si kama picha, ili isibanwe upya. Chaguo la ubora wa juu ambalo WhatsApp ililiongeza mwaka 2023 ni msaada kwa picha kubwa za sasa, lakini kwa picha ndogo ya zamani njia ya dokumenti ndiyo salama.

La pili linawashangaza wengi: usiilaze simu. Picha hii ya bibi ikitazamwa simu ikiwa imesimama hukuzwa mara 1.7 hivi. Simu ikilazwa, picha hujaza kimo cha kioo na kukuzwa mara 2.25. Kuvuta kwa vidole huongeza zaidi. Anayetaka kuona kila kilichorekodiwa bila makisio yoyote aionyeshe nukta kwa nukta. Kwenye kioo hicho itakuwa na sentimita 4 kwa 3, ndogo kuliko kiberiti, na itakuwa safi ajabu.

Kosa kubwa zaidi hufanyika pale picha inapowekwa kuwa mandhari ya kioo. Simu hutaka kujaza urefu wote wa nukta 2,400, hivyo huikuza picha mara tano na kuikata pembeni hadi theluthi moja tu ya upana wake ibaki. Kinachosalia ni pua na shavu. Dawa ni kutengeneza, kwa programu yoyote ya kuhariri, turubai tupu ya nukta 1,080 kwa 2,400 yenye rangi moja iliyotulia, kisha kuibandika picha katikati kwa ukubwa wake au mara moja na nusu kwa njia laini. Simu haitakuwa na sababu ya kuigusa tena. Wapiga picha wa studio walilijua hilo zamani: picha ndogo ilipewa fremu yenye karatasi pana pembeni, na hakuna aliyelalamika kwamba ni ndogo.

La mwisho ni kufungua masanduku. Picha ya karatasi iliyosafishwa kutoka filamu huwa na habari nyingi kuliko ile ya simu ya mwaka 2005. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha ya nukta 1,200 kwa 1,800, inayojaza upana wa kioo cha leo bila kubuni chochote. Ndiyo maana picha ya studio ya miaka ya 1970 inaweza kupendeza kwenye simu mpya kuliko picha iliyopigwa miaka 30 baadaye.

Familia ya Mwankoko inayo karatasi ya namna hiyo, nyeusi na nyeupe, imetunzwa kwenye sanduku la bati. Inamwonyesha bibi akiwa mama kijana, amesimama kando ya meza ya studio. Kikao kiliamua hiyo ndiyo ikuzwe na kutundikwa siku ya kumbukumbu. Ile ya kigoda na alizeti iliwekwa kwenye simu za wajukuu, ndogo, katikati ya rangi ya udongo, na kadi yenye nakala ya asili akakabidhiwa kijana yuleyule aliyekuwa ameshutumiwa.